UZI: Ukoo wa Tippu Tip, mwenye mashamba saba Unguja, na wanawake waliompitisha

Mleta uzi:

Wakuu, salaam aleikum. Uzi huu ni mrefu, nitautoa vipande vipande. Mwenye swali aulize, mwenye kurekebisha arekebishe.

Wengi wetu tunamjua Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, kama mtu wa safari: misafara, bunduki, pembe za ndovu, watumwa, Kongo. Yote ni kweli. Lakini ilipofika 1895, akiwa mtu mzima aliyekwisha rudi Unguja moja kwa moja, watu walimhesabia mashamba saba na watumwa 10,000. Alikuwa mmoja wa wenye ardhi wakubwa kisiwani. Malaria ilimwondoa tarehe 14 Juni 1905, nyumbani kwake Mji Mkongwe.

Ninachotaka tukiangalie ni ukoo. Anapotajwa popote tunasomewa mnyororo wa wanaume: Hamed wa Muhammed, wa Juma, wa Rajab, wa Muhammed, wa Said, el-Murjebi. Wanaume sita, baba kwa mwana, kutoka Omani hadi Unguja. Nimeufuatilia ukoo huu kwa miaka, na kila nilipojiuliza watu hawa waliingiaje mahali fulani, nani aliwafungulia mlango, nilimkuta mwanamke. Mbwamaji, Unyanyembe (Tabora ya leo), Utetera, hata mali ya Unguja kwenyewe. Nikiona tunaendelea kuhesabu wanaume peke yao, inaniuma, kwa sababu tunakuwa tumesoma nusu ya historia yetu wenyewe.

Ngoja nianze Mbwamaji.

Baba wa babu yake Hamed, Rajab bin Muhammed, alioa binti wa Juma bin Muhammed el-Nebhani. Huyu Nebhani alikuwa mtu wa familia ya heshima kutoka Maskati. Lakini mama wa huyo binti alikuwa mwanamke wa Kiafrika wa Mbwamaji, kijiji cha pwani kusini ya ilipo Dar es Salaam leo. Yaani mama wa babu yake Hamed mzaa baba alikuwa nusu Mmaskati, nusu Mbwamaji.

Mbwamaji wakati huo ilikuwa bandari ndogo ya misafara, na Dar es Salaam haijakuwapo. Sasa fikiria mgeni anashuka jahazini na bidhaa zake. Hajui njia, hajui lugha za bara, hana wa kumdhamini kwa wapagazi. Akishaoa pale, ana wakwe, ana mashemeji, ana mahali pa kulaza mzigo. Watoto wake wanazungumza Kiswahili tangu wakiwa mgongoni mwa mama. Vizazi vitatu baadaye anazaliwa Hamed, miaka ya mwisho ya 1830 hivi, Kwarara, nje kidogo ya mji wa Unguja. Wazungu kadhaa waliokutana naye waliandika kwamba alikuwa mweusi, na picha zake zipo, tazameni wenyewe. Yeye na watu wake walijiita Waarabu kwa kuwa ukoo hufuata baba. Damu ya Mbwamaji ilibaki usoni, kwenye jina haikuingia.

Mchangiaji (Kigamboni):

Mkuu, hiyo Mbwamaji ndiyo hii ya kwetu? Huku wengi siku hizi tunasema Gezaulole.

Mleta uzi:

Ndiyo hiyo hiyo, ndugu yangu. Gezaulole ni jina lililokuja na kijiji cha ujamaa. Mbwamaji ndilo jina la kale. Kwa hiyo mkisikia watu wanasema Kigamboni haina historia, waambieni mama mkuu wa Tippu Tip alitoka kwenu.

Naendelea. Kabla sijaenda Tabora, tumtazame mama mzazi wa Hamed. Kumbukumbu zinamtaja kama Bint Habib bin Bushir, wa ukoo wa Wardi. Kabla ya kuolewa na Muhammed bin Juma alikuwa na mume mwingine, akamzaa Muhammed bin Masudi el-Wardi. Shikeni jina hilo.

Baba yake Hamed muda mwingi alikuwa bara, Unyanyembe. Mtoto akakulia Unguja kwa watu wa mama yake. Hamed mwenyewe aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa kwa herufi za Kilatini kwenye 1902 na 1903. Humo anaeleza kwamba alianza biashara akiwa na miaka kumi na miwili, safari za karibu, akinunua na kuuza sandarusi (utomvu mgumu wa mti). Alikwenda na nani? Na kaka yake wa kwa mama, huyo Muhammed bin Masudi, pamoja na wajomba zake Bushir na Abdallah, wana wa Habib bin Bushir. Watu wote hao ni wa upande wa mama. Msafiri mkubwa kuliko wote wa pwani yetu alifundishwa kazi na wajomba.

Baba alikuja kumchukua alipofika miaka kumi na minane hivi.

Mchangiaji (Tabora):

Shikamoo mleta uzi. Hapo Unyanyembe usipapite haraka, sisi wa huku tunasubiri.

Mleta uzi:

Marahaba. Sipapiti haraka, maana Unyanyembe ndiko Murjebi walikopata nguvu.

Muhammed bin Juma, baba yake Hamed, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. (Ni ukoo huo huo wa kitemi alikotoka Chifu Abdallah Fundikira, aliyekuwa waziri wakati Tanganyika inapata uhuru.) Hamed anaandika kwamba baba yake alikaa Unyanyembe kama mtemi. Sikieni maana ya neno hilo. Mfanyabiashara mwingine akifika pale lazima aombe: aombe njia, aombe wapagazi, aombe ardhi ya kujenga tembe na kulima mpunga. Muhammed bin Juma hakuhitaji kuomba kwa sababu alikuwa mkwe. Ndoa ya Karunde ilimpa makazi, mashamba ya chakula, watu wa kuchukua mizigo, na sikio la mtemi.

Watu husahau kwamba Waarabu na Waswahili wa Tabora walikuwa wakulima vilevile. Msafara wa mamia ya watu hauli pembe za ndovu. Unakula wali, mtama, viazi, muhogo, na mtu fulani lazima awe amevilima. Mwenye mashamba njiani ndiye aliyeweza kupumzisha msafara wake miezi miwili bila kufilisika.

Fundikira alipokufa na Mnwa Sere kuchukua utemi, mambo yakabadilika. Mnwa Sere alitaka ushuru wa bidhaa za wageni, wageni wakakataa, ikawa vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 walimwondoa wakamweka Mkasiwa, na Mnwa Sere akabaki akipigana porini kwa miaka. Kwa ukoo wa Murjebi hii ilikuwa pia vita ya ndani ya nyumba ya ukweni. Mimi nawasikitikia Wanyanyembe hapa. Walitoa binti, wakatoa ardhi, na kizazi kilichofuata mgeni akawa na sauti katika kuchagua mtemi.

Mchangiaji (Tabora):

Ahsante. Wazee wa huku wanasema miembe ya barabara za zamani ni ya misafara. Wageni walipanda, waliokwenda kwa miguu wakala.

Mleta uzi:

Na mwembe unaishi muda mrefu kuliko mwenye kuupanda. Hilo tutalirudia tukifika Unguja.

Sasa kipande ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kilichonifanya nianze kuandika. Utetera.

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Hamed yuko mbali sana bara, maeneo ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Huko anasikia habari za nchi ya Utetera na mtawala wake mzee, Kasongo Rushie. Anasikia pia msiba wa ukoo huo: zamani mtawala wa Urua (nchi ya Waluba), Rungu Kabare, aliwateka ndugu wa kike wa ukoo wa Kasongo. Mmoja aliitwa Daramumba. Hawakurudi tena.

Hamed akapeleka ujumbe. Akasema: babu yangu mzaa mama, Habib bin Bushir el-Wardi, aliwahi kufika Urua, akamnunua mwanamke wa Utetera, akamfanya suria, akamzaa mama yangu. Kwa hiyo mimi ni mjukuu wenu, nimerudi.

Kasongo Rushie alimpokea. Alikuwa mzee, akamkabidhi utawala. Watu wakaanza kumpelekea Hamed pembe kwa mujibu wa haki ya mtawala. Hakuinunua nchi ile wala hakuanza kwa kuipiga. Aliingia kwa jina la bibi.

Mchangiaji (Unguja):

Lakini huo si uongo mtupu? Alijitungia nasaba apate pembe.

Mleta uzi:

Wanahistoria wengi wanaona aliitunga, na mimi naelekea huko. Aliisikia habari ya dada waliopotea kwa Watetera wenyewe, halafu akajiingiza ndani yake. Lakini usiishie kwenye neno "uongo", kaka. Jiulize kwa nini uongo huo ulikubalika.

Ulikubalika kwa sababu ungeweza kabisa kuwa kweli. Nyumba ngapi za pwani zilikuwa na mama aliyenunuliwa, akitoka nchi ambayo watoto wake hawataiona? Kwa sheria ya Kiislamu, suria akimzalia bwana wake, mtoto ni huru, anarithi sawa na ndugu zake wa mke wa ndoa, na mama mwenyewe huwa huru bwana akifa. Kwa hiyo mtu angeweza kuwa el-Murjebi kamili, el-Barwani kamili, mwenye shamba na upanga wa fedha, na bibi yake akawa Mtetera, Mmanyema au Mnyasa. Ukoo ulimmeza mama. Huko alikotoka, ndugu zake waliendelea kuomboleza.

Kasongo Rushie aliona mjukuu wa dada aliyepotea. Kwake damu hiyo ilikuwa na uzito. Hamed alielewa hilo vizuri kabisa. Ndiyo maana nasema hakuwa anadharau upande wa mama hata kidogo. Alijua bei yake. Nyumbani Unguja alijitambulisha kwa baba watano, bara akajitambulisha kwa bibi mmoja, na bibi mmoja akampa nchi.

Mwanamke huyo wa Utetera, awe alikuwepo au alitungwa, anastahili aya yake katika kila maelezo ya maisha ya Tippu Tip.

Kilichofuata huko nakipitia kwa ufupi kwa kuwa kimeandikwa sana. Kasongo, mji wa Maniema wenye jina kama la mtawala yule, ikawa mji wa mashamba: mpunga, mahindi, miwa, michungwa. Wali unaoliwa Maniema na Kisangani leo, na Kiswahili kinachozungumzwa huko, vina mizizi katika makazi hayo. Mwaka 1887 Hamed alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls (Kisangani ya leo) kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mshahara pauni 30 kwa mwezi. Akarudi Unguja 1891. Mwaka uliofuata vita ikazuka na Wabelgiji, na mwanawe Sefu, aliyebaki kushika nchi, akauawa 1893. Mali ya bara ikapotea. Zikaanza na kesi: yeye na Rumaliza, yaani Muhammed bin Khalfan el-Barwani, aliyekuwa mshirika wake, walishitakiana kuhusu mgawo wa mali.

Kilichobaki mkononi ni ardhi ya Unguja.

Mchangiaji (Dar):

Hapo sasa. Pesa ya mashamba ilitoka wapi? Pembe tu?

Mleta uzi:

Pembe, mkopo na ndoa. Mtaji wa misafara alikopeshwa na matajiri wa Kihindi, mkubwa wao Taria Topan. Na mapema katika maisha yake alimwoa binti wa Salum bin Abdallah el-Barwani, mwanamke mwenye mali Unguja na Maskati. Kumbukeni, kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni ya mke. Lakini mume mwenye mke wa aina hiyo haombi mkopo kama maskini.

Sasa karafuu. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Sayyid Said akaihimiza kwa nguvu, kiasi cha kuamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Ardhi nzuri ya magharibi ya kisiwa ikachukuliwa, na Wahadimu, wenyeji wa kisiwa, wakasukumwa mashariki kwenye mawe. Mwenye pembe akipata faida, aliiweka kwenye mikarafuu. Shamba lilikuwa heshima, lilikuwa dhamana ya mkopo, na lilikuwa kitu ambacho watoto wangekiona.

Lakini mti hauna haraka na una adui. Tarehe 15 Aprili 1872, Hamed akiwa bara, tufani liliipiga Unguja na kung'oa karibu theluthi mbili ya mikarafuu. Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo karafuu nyingi zikawa za Pemba. Mwaka uliofuata, 1873, Sayyid Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia kuwasafirisha baharini. Hebu fikirini hali ya mwenye shamba: miti imelala chini, mipya inataka miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na watu wa kupanda ni ghali na wanaingizwa kwa magendo.

Na kazi yenyewe wanaoijua ni watu wa Unguja na Pemba. Karafuu huchumwa ikiwa bado haijachanua, ikichanua imepoteza thamani. Mtu anapanda juu, tawi linateleza, anachuma kishada kwa kishada. Chini wanakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) huku. Halafu majamvi, jua, kugeuza, na kukimbia na majamvi mvua ikigusa. Watumwa wa mashamba kwa desturi walipewa Alhamisi na Ijumaa kulima vipande vyao vya muhogo. Muhogo huo ndio uliowalisha. Yaani mwenye shamba hakuwalisha hata watu waliomtajirisha, walijilisha wenyewe siku ya mapumziko.

Kuhusu hao 10,000: ukigawa kwa mashamba saba ni zaidi ya 1,400 kila shamba. Ni wengi mno. Maoni yangu ni kwamba aliyehesabu alijumlisha kila mtu aliyemfuata Hamed. Hata ukiikata idadi hiyo mara tano, bado ni watu 2,000, na hakuna hata mmoja aliye katika mti wa ukoo tunaouchora.

Mchangiaji (Pemba):

Na baada ya 1897 ikawaje? Kwetu mzee alikuwa akisema "walipewa uhuru, hawakupewa ardhi".

Mleta uzi:

Mzee wako alisema sawasawa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta utumwa kisheria. Mtumwa alitakiwa kwenda mwenyewe kuomba, na fidia alilipwa bwana. Masuria hawakuhusishwa, walisubiri hadi 1909. Yaani wale wale mama wa watoto wa nyumba ndio waliochelewa kuliko wote.

Waliokuwa watumwa wengi walibaki kwenye mashamba yale yale. Walikubaliwa kujenga kibanda na kulima muhogo, mradi wapalilie na kuchuma kwa makubaliano. Kupanda miti ya kudumu hawakukubaliwa, kwa sababu kwetu mwenye mti ana neno juu ya mahali uliposimama mti wake. Ndiyo maana nilisema tutaurudia mwembe wa Tabora.

Bwana mwenyewe alipokufa, mashamba yalipita kwenye mirathi: mke au wake thumni, wana wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Shamba moja baada ya vizazi viwili linaweza kuwa na wenyewe thelathini, na kila mmoja anadaiwa. Ilipofika 1964 Serikali ya Mapinduzi ikachukua ardhi na kugawa eka tatu tatu. Nyumba yake ya Shangani ipo mpaka leo na mlango wake wa nakshi.

Mchangiaji (Muscat):

Ndugu, mimi natafuta asili yetu. Tunabeba nisba (jina la ukoo) ya ukoo mkubwa lakini bibi hakusema zaidi. Nianzie wapi?

Mleta uzi:

Dada au kaka, kwanza elewa kwamba nisba inaweza kuja kwa njia tatu: kwa baba wa damu, kwa baba aliyezaa na suria, au kwa kuachwa huru na mtu wa ukoo huo na kuchukua jina lake. Zote tatu ni historia ya familia, hakuna ya aibu kwako. Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, zina hati za mashamba, za wakfu na za mahakama. Usitafute jina la babu peke yake. Tafuta jina la shamba, halafu uone nani anatajwa kuishi humo.

Mchangiaji (Unguja):

Swali la mwisho, mleta uzi. Mama yake Hamed aliitwa nani hasa? Umesema Bint Habib tu.

Mleta uzi:

Ndivyo kumbukumbu zinavyomwita. Bint Habib bin Bushir. Yule wa Barwani naye ni Bint Salum bin Abdallah. Yule wa Mbwamaji hakupewa hata jina la baba, ni mwanamke wa Mbwamaji. Katika wote, waliobaki na majina yao wenyewe ni wawili wa bara: Karunde, kwa kuwa alikuwa binti wa mtemi na Wanyanyembe walimjua, na Daramumba, kwa kuwa kaka zake hawakuacha kumtaja.

Mchangiaji (Kigamboni):

Mkuu, Jumamosi nakwenda Mbwamaji kwa bibi yangu. Ana miaka themanini na kitu. Nimuulize nini?

Mleta uzi:

Muulize mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake. Kisha muulize makaburi ya kale yalipo na nani alikuwa akiyafagia. Andika kila jina la kike atakalolitaja, hata kama unaona halihusu. Ukirudi, weka hapa.